Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu: bidhaa nzuri, ufungashaji mbovu

Bei yake ni bure. Lugha ni Kiingereza pekee. Inapatikana kwenye tovuti ya Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Kenya, faili moja kwa kila taasisi, na mara nyingi faili hiyo ni picha za karatasi zilizopigwa muhuri, si maandishi unayoweza kutafuta neno ndani yake kwa simu. Tunaipima hapa kama tunavyopima jiko la gesi au huduma ya benki: inafanya kazi gani, inakwama wapi, na mlipa kodi wa Kondele, Mumias au Bahati anaitumiaje bila kupotea njia.

Lipo jambo moja la kushika kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, maana wengi hujikwaa hapo. Maoni ya mkaguzi yaliyo mwanzoni hayazungumzii uaminifu wa mtu yeyote. Yanazungumzia hesabu: je, taarifa za fedha zinaonyesha sawasawa kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki? Ofisi inaweza kununua toroli kwa bei ya pikipiki, ikaandika ununuzi huo vizuri, ikaambatisha vocha na risiti, na sehemu hiyo ya kwanza ikatoka nyeupe pe. Toroli yenyewe utaikuta kurasa kadhaa mbele, katika sehemu ya pili. Kwa hiyo gavana anaposimama jukwaani na kusema "Mkaguzi Mkuu ametupa maoni safi," anaweza kuwa anasema kweli tupu na bado hajajibu swali uliloenda kumuuliza.

Maoni yenyewe ni ya aina nne. Ya kwanza ni safi: hesabu zinaaminika. Ya pili yana kasoro: hesabu zinaaminika isipokuwa mambo kadhaa yaliyotajwa, na wenzetu wa Tanzania huiita hati yenye shaka. Ya tatu ni mabaya: makosa yameenea kiasi kwamba hesabu zote zinapotosha. Ya nne ni mkaguzi kukataa kutoa maoni, kwa sababu hakupewa karatasi za kutosha kujua ukweli uko wapi. Watu hudhani ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa mtazamo wetu ya nne inatisha zaidi. Aliyepata ya tatu angalau aliweka vitabu mezani, vikaonekana vimepinda. Aliyepata ya nne hakuweka hata vitabu hivyo.

Nyuma ya jikoni

Ili kuelewa kwa nini ripoti inasomeka inavyosomeka, tazama kwanza wanaoiandika na muda wanaopewa. Zamani kilikuwapo kiti kimoja cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, yaani ofisi ile ile iliidhinisha pesa kutoka na baadaye ikakagua zilivyotumika. Katiba ya 2010 ilikikata kiti hicho vipande viwili. Mdhibiti wa Bajeti, wa Kifungu cha 228, anasimama mlangoni: bila idhini yake pesa hazitoki kwenye mifuko ya umma. Mkaguzi Mkuu, wa Kifungu cha 229, anaingia baada ya karamu kuisha na kuhesabu sahani. Ukisikia kwenye redio kwamba kaunti fulani imetumia asilimia kidogo ya bajeti ya maendeleo kufikia robo ya tatu ya mwaka, hiyo ni habari ya Mdhibiti. Ukisikia vocha hazikuonekana, ni ya Mkaguzi. Wanahabari wetu huchanganya ofisi hizi mbili karibu kila wiki.

Mkaguzi Mkuu huteuliwa na Rais, huidhinishwa na Bunge la Taifa, na lazima awe na uzoefu usiopungua miaka 10 katika ukaguzi au usimamizi wa fedha za umma. Anahudumu miaka 8, basi. Hakuna muhula wa pili wa kuutolea jasho kwa mkubwa yeyote. Ujira wake hutoka moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa serikali. Edward Ouko, aliyewahi kufanya kazi Benki ya Maendeleo ya Afrika, alishika kiti kuanzia 2011 hadi Agosti 2019. Baada yake kiti kilikaa bila mwenyewe karibu mwaka mzima, kisha Julai 2020 akaapishwa Nancy Gathungu, mwanamke wa kwanza katika nafasi hiyo, naye alitoka ndani ya ofisi hiyo hiyo. Na ofisi yenyewe haikusahaulika: Kifungu cha 226 kinataka hesabu zake zikaguliwe na mhasibu aliyeteuliwa na Bunge la Taifa. Udhaifu mmoja wa mpangilio huu haufichiki. Bajeti ya ofisi hiyo hupitishwa na wabunge, na mifuko ambayo wabunge hao wanaisimamia iko kwenye orodha ya vitu vya kukaguliwa.

Chini ya kiti hicho ndiko kazi ilipo. Mkaguzi wa kawaida aliyetumwa ofisi ya mkoa, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, ana digrii, amemaliza mitihani ya uhasibu ya CPA inayotolewa na KASNEB au yuko njiani kuimaliza, na hapandi ngazi kwa urahisi bila uanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu. Siku hizi timu huwa na wahandisi na watu wa mifumo ya kompyuta pia, kwa sababu daraja halipimwi kwa kikokotoo, na malipo karibu yote hupitia IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali.

Kalenda yake haina huruma. Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni. Taasisi ina miezi mitatu ya kuandaa taarifa za fedha, na nyingi huziwasilisha siku ya mwisho, 30 Septemba, zikiwa bado moto. Katiba inataka ripoti iwe imetoka ndani ya miezi sita tangu mwaka kufungwa, yaani kufikia 31 Desemba. Hesabu mwenyewe: serikali za kaunti 47, mabunge yake, hospitali, manispaa, kampuni za maji, mifuko ya basari, wizara, mahakama, tume, mashirika ya umma, vyama vya siasa vinavyopata pesa za umma, na deni la taifa, vyote katika wiki 13. Ndiyo maana Oktoba na Novemba mkaguzi huishi kwenye gesti za Busia na Homa Bay, mchana akiwa amekaa chumba alichopewa na wale wale anaowakagua, akipekua maboksi ya vocha.

Mahali kazi hii inapokwama panajulikana. Mwenye ufunguo wa stoo yuko likizo. Faili ya zabuni "iko kwa wachunguzi" na hakuna barua inayoonyesha nani aliichukua. Leja ya IFMIS inasema malipo ya dawa ni milioni 212, taarifa za fedha zinasema milioni 198, na mhasibu hana karatasi ya kulinganisha hizo mbili (takwimu ni za mfano tu). Vibarua wanalipwa kwa orodha ya mkono, nje ya mfumo wa mishahara, baadhi bila nambari ya kitambulisho. Mkaguzi huandika hoja, menejimenti hupewa muda mfupi wa kujibu, na jibu lisipokuja na ushahidi, hoja inaingia kwenye ripoti. Kisha, miezi mingi baadaye, afisa anafika mbele ya kamati ya Seneti na boksi zima la karatasi ambazo Novemba hazikuonekana. Maseneta huwa wakali kwa mchezo huu, na wana haki: Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015 inampa mkaguzi ruhusa ya kufikia vitabu na kumbukumbu zote anazohitaji, na kumzuia ni kosa la jinai.

Kuifungua bila kuzama

Hatua ya kwanza ni kupata faili sahihi, na hapa ndipo msomaji hupoteza jioni nzima. "Kaunti ya Kisumu" si hesabu moja. Kuna ripoti ya serikali ya kaunti kwa upande wa gavana na mawaziri wake, nyingine ya bunge la kaunti, nyingine ya jiji, nyingine ya kampuni ya maji ya KIWASCO, na nyingine za mifuko midogo kama wa basari na wa mikopo ya gari na nyumba kwa wafanyakazi. Nakuru ni vivyo hivyo, na tangu ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021 usitafute mambo ya soko na taa za barabarani kwenye ripoti ya kaunti peke yake. Hospitali za ngazi ya 4 na 5 nazo zina hesabu zake, hasa baada ya sheria ya 2023 kuziruhusu zibaki na pesa zinazokusanya kwa wagonjwa. Ukitaka pesa za eneo bunge, tafuta ripoti ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ya eneo bunge lako, si ya kaunti.

Angalia pia mwaka. Jalada lenye "mwaka uliomalizika 30 Juni 2023" linazungumzia Julai 2022 hadi Juni 2023, ingawa wewe huenda ukaisoma 2024. Kwenye kaunti nyingi mwaka huo una magavana wawili ndani yake, kwa sababu uchaguzi ulikuwa Agosti 2022. Ukimtupia lawama aliyepo bila kuangalia tarehe ya malipo, utakuwa umemwaga mboga kwenye sahani ya mwingine.

Faili ni nzito. Kama bando ni haba, ipakue kwenye saiba, na usichapishe yote, kwa sababu taarifa za fedha zenyewe zina kurasa nyingi za jedwali. Chapisha ripoti ya mkaguzi, ambayo huwa kurasa chache za mwanzo na imetiwa saini mwishoni, pamoja na viambatisho utakavyovihitaji. Kurasa nyingine huwa zimelala ubavu, kwa hiyo mwambie kijana wa saiba azigeuze kabla ya kubonyeza.

Ruka utangulizi. Ni uleule kila mwaka, kila taasisi. Ukishaujua mmoja umeijua mia. Baada yake ripoti ina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni ya taarifa za fedha, yenye yale maoni tuliyoyaeleza na sababu zake. Chini yake kuna aya za "mambo mengine" ambazo msomaji mwenye haraka huziruka, na ndizo zina vitu viwili vya maana: bajeti ilitekelezwa kwa kiasi gani, na hoja za miaka iliyopita ambazo bado hazijajibiwa. Hoja iliyobaki miaka mitatu mfululizo ina uzito kuliko hoja mpya yenye tarakimu kubwa. Tarakimu kubwa inaweza kuwa kosa la kuandika. Hoja ya miaka mitatu imeshasomwa na kila mhusika na kila mmoja ameamua kuiacha.

Sehemu ya pili inauliza kama pesa zimetumika kwa kufuata sheria na kwa ufanisi. Hii ndiyo nyama. Sehemu ya tatu ni ya udhibiti wa ndani na utawala: kama kuna kamati ya ukaguzi wa ndani, kama rejista ya mali ipo, kama mfumo wa kompyuta una mpango wa kuokoa data stima ikipotea. Inachosha kusoma, ila ina dawa ya kujua yatakayotokea mwaka ujao. Kaunti isiyo na rejista ya mali leo ndiyo ambayo kesho ardhi ya soko iliyorithi kutoka kwa baraza la mji la zamani itakutwa na hatimiliki ya mtu binafsi.

Vipimo vya kubeba mfukoni unaposoma sehemu ya pili

Mkaguzi hataji sheria kwa urembo. Kila hoja ina kipimo chake, na ukiwa navyo vichache kichwani utasoma kwa kasi.

Mishahara. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Tuseme mapato ni bilioni 10 na mishahara bilioni 4.2: hiyo ni asilimia 42, na milioni 700 zimevuka mstari. Sheria ya fedha za umma ya 2012 nayo inataka asilimia 30 ya bajeti, angalau, iende kwa maendeleo. Soma namba hizi mbili pamoja. Kaunti nyingi huheshimu ile ya 30 kwenye makadirio, halafu pesa halisi zinapofika huanza kwa mishahara, na maendeleo yanapata makombo.

Makato. Sheria ya Ajira ya 2007 haimruhusu mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili ya mshahara. Anayelipwa 30,000 lazima aende nyumbani na 10,000 au zaidi. Hoja hii hujirudia kila kona, na sababu yake haina siri: mkopo wa benki, sacco, na mkopo mwingine wa kulipa ule wa kwanza, vyote vikapitishwa na ofisi ya mishahara bila kupiga hesabu.

Ajira na makabila. Sheria ya Utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa jamii iliyo kubwa kwenye kaunti. Vihiga, Siaya, Kisii, karibu kila kaunti yenye jamii moja kubwa ni vigumu kutoguswa na kipimo cha kwanza. Cha pili ndicho cha kubanwa nacho, kwa sababu kinahusu ajira mpya, na ajira mpya haina kisingizio cha urithi.

Masurufu. Afisa aliyechukua pesa za safari ana siku 7 za kazi tangu arudi kituoni kurejesha hesabu. Akirudi kutoka Naivasha Ijumaa, mwisho wake ni Jumanne ya wiki ya pili baada ya hapo. Zikipita, afisa mhasibu anatakiwa kukata pesa zote kwenye mshahara wake pamoja na riba. Ukikuta masurufu ya mamilioni yanadaiwa tangu mwaka juzi, kosa si la msafiri pekee. Yupo aliyetakiwa kukata na hakukata, na mara nyingi ndiye aliyeidhinisha masurufu ya pili kabla ya ya kwanza kurejeshwa.

Mikataba. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaruhusu mkataba kubadilishwa, lakini nyongeza zote kwa jumla zisizidi asilimia 25 ya bei ya mwanzo. Barabara ya milioni 40 isifike zaidi ya 50. Hapa kuna ujanja wa kuangalia: kazi inavunjwa vipande ili kila kipande kionekane mkataba mpya. Dalili yake ni mikataba miwili au mitatu ya eneo moja, mwanakandarasi yule yule, miezi ile ile.

Miradi iliyokwama ndiyo hoja ambayo mtu wa kijijini anaweza kuikagua kwa macho. Ripoti husema timu ilitembelea mradi mwezi fulani, ikakuta ukuta umefika kwenye linta na mwanakandarasi hayupo. Zingatia mwezi huo. Ukaguzi wa Oktoba hauwezi kujua kwamba Januari saruji ilifika, wala kwamba paa lililokuwapo Oktoba limeng'olewa na upepo wa Aprili. Linganisha kiasi kilicholipwa na kazi iliyopo, si tarehe ya kukamilika peke yake. Mwanakandarasi aliyelipwa asilimia 30 na kufanya asilimia 35 kisha akaondoka huenda yeye ndiye anayedai.

Maneno ya ripoti yanahitaji sikio. "Haikuwezekana kuthibitisha uhalali wa matumizi" haina maana ya "zimeibwa". Maana yake karatasi hazikuonekana, zilikuwa pungufu, au zilipingana. Huenda nyuma yake kuna wizi, huenda kuna karani mzembe. Magazeti hupenda kichwa cha "mabilioni yatoweka", na afisa mwerevu hutumia kichwa hicho kujitetea, akitoa vocha mbili za milioni chache na kudai ripoti nzima ni uongo. Na kwa upande mwingine, ukimya si cheti. Mkaguzi huchagua sampuli. Zahanati yako isipotajwa, jua tu kwamba pengine haikuangukiwa na sampuli.

Malalamiko yetu

La kwanza ni lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Dodoma, Mkaguzi Mkuu wa Tanzania hutoa ripoti zake kwa Kiswahili, na ndiyo sababu mwendesha bodaboda wa Mwanza anazungumza "hati chafu" kana kwamba ni msamiati wa mpira. Hapa kwetu msamiati huo haujazaliwa. Muhtasari wa kurasa nne tu za Kiswahili kwa kila kaunti ungefanya kazi kubwa kuliko semina kumi.

La pili ni zile picha za karatasi. Taarifa zinaandikwa kwenye kompyuta, zinachapishwa, zinatiwa muhuri, zinapigwa picha, ndipo zinawekwa mtandaoni, na humo njiani uwezo wa kutafuta neno "Lugari" unakufa. Wenye kompyuta wanaweza kupitisha faili kwenye programu ya kusoma maandishi, lakini kwenye majedwali programu hizo husoma 8 kuwa 3, kwa hiyo rudi kwenye picha kabla ya kunukuu namba yoyote.

La tatu ni majina. Hoja nyingi husema "kampuni moja" au "afisa mmoja". Tunaelewa tahadhari ya kisheria. Bado inamwacha mwananchi akipapasa.

Lisilo kosa la ofisi hii, na ambalo watu huilaumu nalo, ni kwamba haifungi mtu. Haikuundwa kufunga. Ripoti ikishatoka huenda bungeni au kwenye bunge la kaunti, na Katiba inatoa miezi mitatu ijadiliwe na hatua ichukuliwe. Kwa Seneti zipo kamati mbili, moja ya hesabu za kaunti, nyingine ya uwekezaji na mifuko maalumu, na mlundo wa miaka ya nyuma ni mkubwa. Uchunguzi wa jinai ni wa tume ya kupambana na ufisadi (EACC) na polisi, mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Kifungu cha 226 kinasema aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atairudisha hasara hata akiwa ameondoka ofisini. Kifungu kizuri, kinachotumika kwa nadra.

Kwa ubora wa kazi tunaipa nyota 4 kati ya 5. Kwa urahisi wa kuitumia, 2.

Kwa anayedai kaunti pesa

Kundi moja linalofaidika na ripoti hii kuliko jingine lolote, na ambalo haliisomi, ni wauzaji: aliyepeleka unga shule ya chekechea, mwenye karakana aliyetengeneza madawati, fundi wa Kibuye aliyeshona sare. Wao waanzie nyuma. Mwishoni mwa taarifa za fedha kuna kiambatisho cha madeni ambayo hayajalipwa, na mara nyingi kina jina la mdai, tarehe, kiasi cha awali na salio.

Jina likiwepo, deni limekiriwa kwa maandishi. Nakili ukurasa huo, uweke pamoja na jalada la ripoti. Jina lisipokuwepo, usisubiri. Ukaguzi maalumu wa madeni ya kaunti yaliyokuwepo kufikia 30 Juni 2018 ulipokea madai ya takriban shilingi bilioni 89, na yaliyoonekana yanafaa kulipwa yalikuwa takriban bilioni 51. Yaliyobaki hayakuwa yote ya uongo. Mengi yalikosa hati za kuyathibitisha, na mdai wa kweli asiye na hati alitupwa kapu moja na tapeli.

Hati zenyewe ni nne: LPO au LSO, yaani hati ya kuagiza bidhaa au huduma, iliyotolewa kabla ya kupeleka bidhaa wala si baada, hati ya kufikisha mzigo iliyosainiwa na mwenye stoo, cheti cha kamati ya kukagua na kupokea bidhaa, na ankara yenye muhuri wa siku ilipopokelewa. Inayokosekana mara nyingi ni ya tatu, kwa sababu muuzaji hudhani saini ya mwenye stoo inatosha. Haitoshi. Idai siku hiyo hiyo unaposhusha mzigo.

Kisha mwandikie afisa mhasibu wa idara barua ya kuthibitisha deni, ukiambatisha nakala zote nne, na uipeleke kabla ya 30 Juni ili iingie kwenye hesabu za mwaka huo. Wakikataa kukuonyesha rekodi, omba kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016: wana siku 21 kujibu. Zikipita kimya, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, yaani ofisi ya Ombudsman, ambayo ina ofisi Kisumu. Nenda na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu bila muhuri huo siku 21 hazina pa kuanzia kuhesabiwa.